Wiki ya 6: nyonga imekubali kutangulia

Mpira mzito wa kilo 4 umerudi kabatini. Ndio uliokuwa mchawi. Wiki tano za kuurusha ukutani kwa ubavu, ili kuongeza nguvu ya fohandi ya tenisi (pigo la upande wa mkono unaoshika raketi), zimetoa kosa lilelile: nyonga na mabega vinageuka kwa pamoja, kama mlango kwenye bawaba. Tunachotaka ni manati: nyonga iwe imeshaelekea ukutani, mabega yamebaki nyuma, misuli ya ubavu ivutike kwanza ndipo ifyatuke.

Kutulia sekunde moja mpira ukiwa nyuma hakukusaidia. Ule mvuto unapoa na mikono inanyakua kazi. Kurusha kwa goti moja chini kunafundisha kiuno, lakini ukisimama tu, mlango umerudi.

Dawa imekuwa kilo 2 na sharti moja: mguu wa mbele ukanyage wakati mpira bado unakwenda nyuma. Kwa anayetumia mkono wa kulia, ubavu wa kushoto uelekee ukuta, mita 2 hivi. Jirekodi kwa simu, mwendo wa polepole: kifungo cha mkanda kigeuke kwanza, maandishi ya fulana yafuate. Kisigino cha nyuma kikiganda chini, nyonga imefungwa, rusho hilo halihesabiwi. Seti 4, marusho 6 kila upande, pumzika sekunde 90. Mlio wa ukutani ukianza kulegea, acha. Hapa tunatafuta kasi, jasho lina siku yake.

Wanaojitengenezea mpira mzito: mpira wa miguu namba 5 ukiujaza mchanga unakaribia kilo 9, hilo ni jiwe. Ukiweka mchanga kidogo, unahamahama ndani na kukukwepa viganjani. Changanya mchanga mkavu na vumbi la mbao, shindilia mpaka usiwe na nafasi, mizani iwe pembeni. Haudundi, na ni afadhali: kuuokota kunakulazimisha ujipange upya.

Wiki hii ilikuwa ya tyubu ya baiskeli kwa misuli ya nyuma ya bega, ile breki ya mkono, seti 3 za 15. Imeahirishwa. Jaribio jipya ni marusho 6, kisha papo hapo fohandi 6 za raketi. Mipira inatoka kwa kasi, ila mingi inakimbilia kulia: mwili umefika, raketi bado. Kesho mabega yageuzwe nyuma mapema zaidi, kabla mpira haujavuka wavu.