Ubao wa shelfu na kabati, mi nachagua hivi

Shelfu za vitabu mi naenda na plaiwudi ya milimita 18 tu, tabaka zake zimegundishwa zikikatizana ndo maana haipindi kirahisi na skrubu inashika haswa. Kabla hujanunua iangalie ubavuni, ukiona mashimo kati ya tabaka iache hapo hapo. MDF, yaani ubao wa nyuzi laini za mbao zilizoshindiliwa na gundi, inapokea rangi vizuri sana, milango ya kabati inatoka safi, ila skrubu ya ubavuni bila kutoboa kwanza inaipasua, na ikinywa maji kingo zinavimba na hazirudi tena, kwa hiyo chini ya sinki hapana kabisa jamani. Na ukiikata vaa barakoa, vumbi lake laini mno. Chipbodi, ule ubao wa chembe za mbao zilizoshindiliwa na gundi, ni nafuu lakini shelfu ndefu inabonyea katikati, weka tegemeo kila sentimita 60 hivi.