Kuficha diski si kufunga folda

Ofisi nyingi zenye kompyuta moja ya watu watatu au wanne huficha diski D kwa sera za Windows, zikadhani faili za mishahara ziko salama. Haziko. Kilichoondoka ni ikoni tu. Ukiandika njia ya faili kwenye dirisha la amri (Command Prompt), inafunguka.

Kinga ya kweli ni ruhusa za NTFS, mfumo wa Windows wa kupanga faili kwenye diski. Kila mtu awe na akaunti yake ya kawaida, isiyo ya msimamizi. Folda mpya kwenye D kwa kawaida hurithi ruhusa zinazomwezesha yeyote aliyeingia kusoma na kubadili, kwa hiyo kata urithi huo. Fungua dirisha la amri kama msimamizi (si PowerShell, dirisha jingine la amri la Windows: humo mabano yataivuruga amri hii), uandike:

icacls D:\Mishahara /inheritance:r /grant:r Uhasibu:(OI)(CI)M SYSTEM:(OI)(CI)F Administrators:(OI)(CI)F

Uhasibu ni kundi la watumiaji utakaloliunda kabla; M ni ruhusa ya kusoma na kubadili, F ni ruhusa kamili. Tafadhali usiweke katazo kwa Users, kundi la Windows la watumiaji wote: msimamizi naye huhesabiwa humo, na katazo hushinda ruhusa.

Kisha ingia kwa akaunti isiyo ya kundi hilo, ujaribu kufungua. Flashi zenye mifumo mingine ya kupanga faili, FAT32 na exFAT, hazina ruhusa hizi kabisa. Faili ikinakiliwa huko, yeyote ataisoma.