Siku Moja Maishani Mwangu: Tembo wa Bibi

Saa 11 alfajiri. Mbagala. Ukichelewa dakika kumi tu, daladala ya kwanza imeshajaa na ya pili utaingilia dirishani. Nimebeba brashi, chapati mbili na turubai dogo nililolifunga kwa khanga ili wasinichafulie njiani. Nachora picha za mtindo wa tingatinga, mwaka wa kumi na moja huu.

Saa 1 na nusu asubuhi. Oyster Bay.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Tapentaini umekumbuka?"

Nimesahau. Analalamika kidogo, ananimegea yake. Kwetu Wamakua mjomba ana sauti kuliko baba, ndiyo maana baba alipong'ang'ania nisomee uhasibu, aliyemaliza mazungumzo ni huyu huyu. Hapa kibandani na vibanda vya jirani wengi tuna undugu wa hivyo hivyo, wa damu au wa Tunduru. Marehemu Edward Saidi Tingatinga alizaliwa huko mwaka 1932, na alipoanza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960, akitumia rangi za baiskeli na vipande vya silingibodi, aliowafundisha kwanza walikuwa ndugu na jamaa zake. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu. Miaka michache tu ya kazi, na mpaka leo tunakula kwa jina lake.

Saa 2. Oda ya duka moja: picha 12, zote Kilimanjaro, twiga wawili na jua linalozama. Huo mlima sijawahi kuuona hata kwa mbali. Naujua kwa mkono tu, kama mtu anayejua kuandika jina la mtu asiyemfahamu. Napaka chungwa chini, njano katikati, nyekundu juu, halafu kabla hazijakauka navuta brashi kavu pale zinapokutana hadi mpaka wenyewe usionekane. Kumi na mbili hizo juani. Rangi ya mafuta haina haraka, kwa hiyo twiga ni wa kesho.

Saa 4 nafungua khanga.

Bibi yangu anaishi Tunduru, kwenye ushoroba ambao tembo hupita kati ya hifadhi ya Selous na ile ya Niassa, Msumbiji. Tembo wake si huyu wa fulana. Wake huja usiku wakati mahindi yamekomaa, na wanakijiji huwasubiri kwa mioto, madebe na matambara yaliyochovywa oili chafu na pilipili. Niliwahi kulala naye shambani nikiwa na miaka tisa. Sikumwona tembo mwenyewe. Niliona giza linasogea, nikasikia mabua yanavunjika, na bibi amesimama mbele yangu anapiga debe huku akimtukana yule mnyama matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Hilo giza limenishinda wiki nzima. Ukipaka nyeusi tupu, picha inakufa. Leo nimechanganya buluu, nyeusi na tone la nyekundu, nikampaka tembo rangi ile ile ya usiku, ila nikamzungushia mstari mwembamba wa rangi nyepesi kidogo. Ukiwa mbali humwoni. Ukisogea, yupo, anakutazama. Sipendi kujisifu lakini hapo nilikaa chini.

Saa 6 na nusu: wali maharage kwa mama ntilie.

Saa 8 mchana. Wageni wa meli wameshuka. Mama mmoja wa Kijerumani akasimama mbele ya lile turubai muda mrefu, nikaanza kupiga hesabu ya kodi kichwani. Akauliza kwa nini huyu tembo hacheki. Nikamwambia yuko kazini, na bibi naye yuko kazini. Akacheka yeye, akanunua twiga.

Simlaumu. Mimi mwenyewe ndiye niliyewachora hao wanaocheka, mamia, na nitawachora tena kesho asubuhi.

Saa 9 mwenye duka akapiga: je, zile 12 anaweza kupata kwa bei ya 10? Yaleyale.

Saa 10 mjomba akaja nyuma yangu kimya, mikono mgongoni. "Hii haiuziki," akasema. "Mkia mfupi." Akaendelea kuangalia. Usisahau, bibi yangu ni mama yake. Halafu akachukua brashi mkononi mwangu bila kuomba, akaichovya kwenye kijivu, akaweka kivuli kidogo ubavuni mwa debe, kama limebonyea.

"Lilikuwa limebonyea hapa," akasema. "Alilipiga mpaka likabonyea." Akarudi kwenye pundamilia wake.

Saa 1 usiku, foleni, nimesimama kwenye daladala, mkono mmoja umeshika chuma. Picha nilimrushia mdogo wangu aliyeko kijijini amwonyeshe bibi. Ujumbe wa sauti ukaingia, nikaweka simu sikioni.

"Mjukuu wangu, nimemwona. Ndiye huyu huyu, mshenzi. Na debe langu nimeliona. Sasa mahindi yako wapi? Huyu alifuata mahindi, hakunifuata mimi."

Kweli, sikuchora hata bua moja. Na kopo la kijani limebaki ukoko. Kesho, tapentaini na kijani.