Utafiti wa bei chee: ile hela tuliyopunguziwa nani anailipa?

Kuna watu bado wakisikia utafiti wanawaza koti jeupe na maabara, wakati tafiti nyingi siku hizi, hasa za saikolojia, masoko na siasa, ni mtu na laptop yake usiku: kapakia dodoso, kaweka dola mia kadhaa kwenye akaunti, kalala zake, asubuhi anakuta majibu ya watu mia tano wa nchi ambayo hata mguu hajawahi kutia. Mimi kazi yangu ndiyo hizi data na bado hiyo ya kuamka ukakuta majibu yashaingia inanishangaza kidogo.

Maana zamani haikuwa hivyo. Ulikuwa unaajiri watu wapite nyumba kwa nyumba, au unawalipa wakae kwenye simu kutwa wanapiga namba, na simu nazo watu wakaanza kuacha kupokea. Pew Research Center ya Marekani, hawa wenye kura za maoni maarufu, walisema wenyewe kwamba mwaka 1997 katika kila watu 100 waliowatafuta kwa simu walifanikiwa kuongea na 36, kufika 2018 wakawa 6 tu. Yaani unalipa watu wapige simu mia ili upate sita, hapo bei itashuka saa ngapi?

Kwa hiyo onlaini ilikuja wakati watu washachoka. SurveyMonkey ilianza 1999, ikafanya kutengeneza dodoso kuwe kitu cha nusu saa badala ya kumtafuta fundi wa kompyuta. Ila dodoso bila wa kulijibu ni karatasi tu, na hapo ndipo Amazon walipoingia na Mechanical Turk mwaka 2005, tovuti ambayo watu wa kawaida wanalipwa kufanya vikazi vya mtandaoni. Jina wamelitoa kwenye ile mashine ya chesi iliyotengenezwa 1770, ilizungushwa Ulaya inafunga watu chesi wakishangilia, kumbe ndani kajificha jamaa ndiye anayecheza. Mwanzoni haikuwa ya watafiti, ilikuwa ya vikazi vidogo vidogo kama kuweka lebo kwenye picha, ila wanasaikolojia wakainusa. Mwaka 2011 Buhrmester, Kwang na Gosling wakatoa makala inayouliza kama hiki ni chanzo kipya cha data za bei nafuu na zenye ubora, jibu lao kwa kifupi likawa ndio, na kuanzia hapo ikawa mafuriko.

Na mimi siwalaumu hata kidogo. Kabla ya hapo "binadamu" kwenye majarida ya saikolojia alikuwa nani? Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo cha Marekani anayejaza fomu ili apate maksi za ziada. Mtafiti Joseph Henrich na wenzake walilipigia kelele hilo mwaka 2010, kwamba tunatangaza tabia za binadamu wote kwa kuangalia kikundi kidogo cha watu wa nchi tajiri tena waliosoma. Sasa mwanafunzi asiye na ruzuku wala profesa mwenye jina akaweza kupata mama wa miaka hamsini, dereva, mstaafu, mtu asiye na kazi, wote ndani ya siku moja. Hilo ni jambo kubwa na wanaosema rahisi ghali wakumbuke kwamba ile ghali yenyewe haikuwa nzuri kiasi hicho.

Sasa tuje kwenye hela. Bei ilishukaje? Teknolojia ilisaidia sawa, lakini sehemu kubwa ni kwamba anayejibu analipwa kiduchu. Utafiti wa 2018 ulipiga hesabu ya vikazi vya Mechanical Turk, ukahesabu na ule muda mtu anautumia kutafuta kazi na kazi zinazokataliwa bila malipo, wakakuta mfanyakazi wa katikati (nusu wanapata zaidi yake, nusu pungufu) anaambulia kama dola 2 kwa saa, na wanaopita kima cha chini cha mshahara cha Marekani cha dola 7.25 kwa saa ni asilimia 4 tu. Na mwenye jukwaa, yaani Amazon, je? Mwaka 2015 alipandisha ada yake kutoka asilimia 10 hadi 20, na kazi ikihitaji watu kumi au zaidi inakuwa 40. Dodoso gani la maana lina watu tisa?

Mtu unayemlipa hivyo atakujibuje, we fikiria. Fungua faili la data mbichi utamwona. Dodoso la dakika kumi na tano kalimaliza kwa sekunde tisini, mstari mzima kabonyeza 3, 3, 3, 3, unafika kwenye lile swali la mtego linalosema "hapa chagua sikubaliani kabisa" kabonyeza 3 pia, na pale ulipoomba aeleze kwa maneno yake kaandika "good". Chini yake mwingine "nice". Chini yake tena "good", halafu ukiangalia wamejibu kwa mfuatano wa dakika chache, na location inafanana. Kiangazi cha 2018 watafiti wengi walikuta hizo "good" na "nice" kwa wakati mmoja wakadhani ni bot, yaani programu zinazojijibia zenyewe, baadaye ikaonekana wengi walikuwa ni watu wa kweli waliojificha nyuma ya sava za kukodi ili waonekane wapo Marekani. Siku nzima ya kazi inaweza kuishia hapo, kufuta mistari, na hiyo siku haimo kwenye bei uliyoonyeshwa wakati unajiunga.

Prolific, jukwaa jingine la kutafutia wahojiwa lililoanzishwa Oxford mwaka 2014 na wanafunzi wawili wa PhD, ilikuja na wazo la kuwabana watafiti pia: kuna kima cha chini cha malipo, watu wanahakikiwa, na ada inaeleweka. Ikakua haraka, na mimi naipenda. Lakini hata wao Julai 2021 yaliwakuta, binti mmoja akaweka video TikTok akisema hapa kuna vihela vya pembeni, ikasambaa, wakajiunga maelfu ya wasichana ndani ya siku chache, na watafiti waliozoea mgawanyo wa kawaida wa wanaume na wanawake ghafla wakaona sampuli imejaa mabinti wa miaka ishirini na kitu. Hakuna aliyedanganya hapo, kila mtu alijibu kwa uaminifu, ila sampuli ishapinda.

Hili la kupinda nalirudia kwa wateja mpaka wananichoka, kwa sababu wingi unalewesha. Gazeti la Literary Digest la Marekani, kwenye uchaguzi wa rais wa 1936, walituma karatasi za maoni milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, wakatangaza Landon anamshinda Roosevelt. Roosevelt akashinda karibu majimbo yote. George Gallup, mpiga kura za maoni, kwa watu wachache mno kulinganisha na hao alikuwa kasema Roosevelt anachukua. Leo mtu ananiambia nimepata majibu elfu tano kwa bei ya bure, namuuliza ni kina nani hao, kimya.

Halafu kuna hili jipya. Mwaka 2023 watafiti wa chuo cha EPFL kule Uswisi waliwapa watu wa Mechanical Turk kazi ya kufupisha makala, wakakadiria kwamba kati ya asilimia 33 na 46 walitumia programu za akili mnemba kuifanya. Kwa hiyo ile mashine ya chesi imegeuzwa ndani nje, unadhani unaongea na mtu kumbe mtu ndiye pazia. Na programu hizi hata swali la mtego haziangukii, tena zinaandika vizuri kuliko wahojiwa wa kweli, ukiona jibu lina aya tatu zilizopangika shtuka.

Mimi siachi kuzitumia hizi huduma. Ila bajeti ikiwa ile ile, napunguza watu naongeza malipo, natangaza muda wa kweli wa dodoso baada ya kulijaribu kwa watu wachache kwanza, na ninatenga hela ya kusafisha data kabla hata sijaweka linki hewani. Na mtu akiniuliza jukwaa gani ni la bei chee kuliko yote, huwa namuuliza kwanza dodoso lake lina dakika ngapi, likizidi ishirini tunakaa chini tunakata maswali, bei tutaiongea baadaye.