Kesi ya Q, Old Moshi

Baba mkubwa alikuwa karani wa Mahakama ya Mwanzo karibu utumishi wake wote, enzi ambazo nakala za hukumu zilianza kwa mkono ndipo zipelekwe kwa mpiga chapa. Kazi ile ilimwachia tabia moja iliyowachosha wanawe: habari yoyote ukimletea, kwanza anauliza umeiona au umeambiwa. Hata ukimwambia ng'ombe wa jirani amezaa.

Mimi wakati huo nilikuwa mwaka wa pili wa theolojia, chuoni Makumira. Krismasi nikapanda Old Moshi kama Mchaga yeyote anavyopanda Desemba, na katika begi nilikuwa na kaunta buku ambayo kurasa zake nilizigawa safu tatu: Mathayo, Marko, Luka. Nilikuwa nimenakili vifungu vinavyofanana vikae bega kwa bega, kisha nikavipaka rangi. Nyekundu kwa yaliyomo kote kutatu, buluu kwa yale ya Mathayo na Luka peke yao. Siku moja baada ya sikukuu, wageni wengi wameshashuka mjini na mtori umeshaliwa, Baba mkubwa akaivuta ile kaunta buku akavaa miwani.

"Nani kampaka Yesu rangi?"

Nikamweleza. Marko ana mistari kama 660, na sehemu kubwa sana yake imo ndani ya Mathayo, mara nyingi kwa mfuatano uleule. Wasomi walio wengi wanaona Marko aliandika kwanza, Mathayo na Luka wakafanya kazi wakiwa na kitabu chake mbele yao.

Mama mkubwa, aliyekuwa akichambua maharage mlangoni, akaacha. "Kumbe Mathayo alikopi? Si alikuwepo mwenyewe? Marko hakuwa hata mmoja wa wale kumi na wawili. Aliyeona anakopi vipi kwa asiyeona?"

Hilo ni swali zito kuliko alivyodhani, na ndilo mojawapo ya yanayowafanya wasomi wengi waseme mwandishi wa Injili hiyo hakuwa Mathayo mtoza ushuru. Ndani ya maandishi yenyewe mwandishi hajitaji popote. Nikataja na Papia, askofu wa Hierapoli wa karne ya pili, aliyesema kwamba Marko alikuwa mkalimani wa Petro na aliandika aliyoyakumbuka kwa usahihi, ila si kwa mpangilio.

"Papia alimsikia Marko?" akauliza Baba mkubwa.

"Hapana. Aliambiwa na mtu anayemwita Mzee. Na kitabu cha Papia chenyewe kimepotea, tunamsoma ndani ya Eusebio, mwanahistoria wa kanisa, karne ya nne."

"Ushahidi wa kusikia, juu ya kusikia." Akafungua ukurasa mwingine.

Kwamba kuna aliyenakili hakubisha hata kidogo, na kilichomshawishi hakikuwa rangi zangu. Ni Marko 13:14, pale katikati ya maneno ya Yesu mwandishi anapochomeka "asomaye na afahamu". Mathayo 24 anayo, mahali palepale. Baba mkubwa akaigonga kwa kidole. Akasema, Yesu alikuwa akizungumza na watu wanne mlimani, msomaji katokea wapi? Haya ni maneno ya mwenye kalamu, na mwenye kalamu wa pili kayachukua pamoja na mengine.

Kuhusu nani alimnakili nani, nilimwonyesha mwanzo wa Marko katika Biblia yetu ya Union: "kama ilivyoandikwa katika nabii Isaya", halafu maneno yanayofuata kwanza ni ya Malaki. Mathayo na Luka wanamtaja Isaya pale wakiwa na maneno ya Isaya tu, yale ya Malaki wameyahamishia kwingine. Akacheka. Miaka yote alinakili hukumu za mahakimu waliokosea tarehe na majina, na mkono wenyewe ulikuwa unataka kurekebisha. Hajawahi kumwona karani anayekuta pako sawa akapaharibu. Marko wa kwanza, basi. Hapo tulikubaliana.

Mama mkubwa bado alikuwa na uso wa msiba. Baba mkubwa akamsomea mwanzo wa Luka, pale anaposema watu wengi wametia mikono kutunga habari hizo, naye amejitafutia usahihi wake. "Mwenyewe amekiri kuna majalada mengine. Wewe unamlilia nini?" Akarudi kwenye maharage, ingawa sidhani alimaliza.

Tukafika kwenye buluu. Mahubiri ya Yohana Mbatizaji juu ya wazao wa nyoka, majaribu matatu jangwani, Sala ya Bwana: yamo kwa Mathayo na Luka, kwa Marko hayamo. Nikamweleza nilivyofundishwa, kwamba tangu karne ya 19 wataalamu wa Ujerumani walipendekeza kitabu cha pili kilichopotea, chenye maneno ya Yesu, wakakiita Q. Mathayo na Luka wakakitumia kila mmoja kivyake, bila kujuana.

"Kiko wapi?"

"Hakijapatikana, Baba."

"Hata ukurasa?"

"Hata ukurasa. Hata waandishi wa kanisa la kale hawakitaji."

"Kielelezo ambacho hakuna aliyekiona, hakuna aliyekitaja, na kesi nzima imekiegemea." Akavua miwani. "Hakimu wangu angekufukuza na karani wako."

Nikatetea kadiri nilivyoweza. Yeye akaendelea kupekua safu za mateso, ambako nilidhani hakuna kitu, mpaka akafika pale watu wanapompiga Yesu. Kwa Marko wanamwambia atabiri, basi. Kwa Mathayo na Luka wanaongeza swali: ni nani aliyekupiga? Nilikuwa nimeshaangalia Kigiriki chake, ni maneno matano, yaleyale kwa wote wawili.

"Haya yametoka kwenye hicho kitabu chenu?"

Hayawezi. Q kama wanavyoijenga haina habari za mateso. Nikamwambia Streeter, msomi Mwingereza aliyeitetea Q, mwaka 1924 alijibu kwamba maneno hayo hayakuwemo kwa Mathayo, wanakili waliyaongeza baadaye kutoka kwa Luka.

"Kuna nakala ya Mathayo isiyo nayo?"

"Hakuna."

"Ushahidi ukikataa kukubaliana na kesi, wanaubadilisha ushahidi! Mwanangu, hawa wawili wamekutana. Luka alimsoma Mathayo."

Nikamrudishia. Kama alimsoma, kwa nini hotuba ya mlimani, sura tatu nzima, aivunjevunje mpaka Sala ya Bwana iangukie sura ya 11? Kwa nini ukoo wa Yesu aupitishe kwa Nathani badala ya Sulemani? Hapo akanyamaza muda mrefu kuliko kawaida yake, akaomba chai. Jibu lake, kwamba Luka alijiamini kuliko alivyomwamini Mathayo, halikuniridhisha wakati ule na bado haliniridhishi sana. Lakini lile swali la "ni nani aliyekupiga" halikunitoka.

Niliporudi Makumira Januari nilikwenda maktaba. Kumbe mwaka 1955 Austin Farrer wa Oxford alikwisha kuandika makala akitaka Q iachwe, kwa hoja ya Baba mkubwa: tukikubali kwamba Luka alimsoma Mathayo, kitabu kilichopotea hakihitajiki tena. Wanaomfuata hadi leo ni wachache, ila si watu wa kupuuzwa. Jioni nikampigia simu.

"Huyo Farrer alikuwa karani wa mahakama gani?"

Nikamwambia hakuwa karani, alikuwa kasisi wa Kianglikana, mwalimu wa chuo kikuu.

"Aa," akasema. "Basi kapita njia ndefu."