Brigida na jicho lililokuwa na bei

Tangu 2023 Ireland nzima inapumzika kazi kwa ajili ya Mtakatifu Brigida. Ndiyo sikukuu ya kwanza ya umma nchini hapa kupewa jina la mwanamke. Mimi ni muuguzi huku Kildare, mji alikoanzisha monasteri yake, na ikikaribia Februari mosi watoto wa shule wanasuka misalaba ya matete, na madukani zinajaa kadi zenye picha yake: binti mpole, macho chini, mwana-kondoo miguuni. Nimeyasoma Maisha yake, yale yaliyoandikwa zamani, na binti huyo wa kwenye kadi simwoni humo.

Brigida wa kwenye maandishi ni mtoto wa kijakazi, Broicsech, aliyezaa na bwana mwenye mali, Dubthach. Akakua, akaposwa, akakataa. Maisha ya Kiirishi ya karne ya 9 yanasema wazi kwa nini ndugu zake wa kiume walichukia: alikuwa anawakosesha mahari. Sisi Wakamba hatuhitaji kuelezwa zaidi hapo. Mmoja wao, Bacéne, akamtolea maneno: hilo jicho lako zuri litaozwa, utake usitake. Brigida akalitia kidole jicho lake mwenyewe, akalitoboa. "Haya, jicho zuri ndilo hilo," akamwambia, "sidhani kama kuna atakayekuja kuposa kipofu." Ndugu wakamkimbilia wamwoshe damu, na maji hakuna. Akawaambia waichomeke fimbo yake ardhini, maji yakabubujika. Kisha akamlaani Bacéne, na macho ya Bacéne yakapasuka. Baba mtu akanyoosha mikono: chukua shela ya utawa, binti yangu, kwa kuwa ndicho unachotaka.

Wapo wanaosoma hapo wakasema msichana huyu aliuchukia mwili wake. Mimi siamini. Sheria ya Ireland ya wakati ule ilimweka mwanamke chini ya baba akiwa msichana, chini ya mume akiolewa, chini ya wanawe akifiwa. Shela ilikuwa njia ya kutoka katika mikono hiyo yote. Brigida alijua ni jicho lililokuwa likipangiwa bei, akaivunja bei.

Halafu inakuja siku ya kupewa hiyo shela. Askofu Mel, aliyelewa neema ya Mungu, hakutambua anasoma nini kitabuni, akamsomea Brigida sala za daraja ya uaskofu. Nguzo ya moto ikapanda kutoka kichwani pake. Katika simulizi la baadaye kidogo, Mac Caille, aliyekuwapo hapo, anapinga: daraja ya askofu haipewi mwanamke. Mel anamjibu kwamba yeye hana uwezo juu ya jambo hilo, heshima hiyo ametoa Mungu.

Hapa ndipo panaponishika. Waandishi wa habari hizi walikuwa wanaume wa Kanisa, na kila walipomkuta mwanamke mwenye mamlaka walimtafutia udhuru. Mel alikuwa amelewa neema. Mtakatifu Monenna wa Killeevy, aliyelima na masista wake kwa mikono yao, anasifiwa kuwa na roho ya kiume ndani ya mwili wa kike, kana kwamba roho yake mwenyewe isingetosha. Lakini udhuru hautafutwi kwa kitu ambacho hakipo. Huko Kildare mamlaka yalikuwapo, na watu walikuwa wakiyaona: katika karne ya 7 mtawa Cogitosus, mwandishi wa Maisha ya Brigida, anaandika kwamba Brigida ndiye aliyemchagua askofu Conlaed, na kwamba makaburi yao yalikuwa kandokando ya altare, mmoja kulia, mwingine kushoto, taji za dhahabu na fedha zikining'inia juu yao. Ndani ya kanisa hilohilo ukuta uliwatenga wanaume na wanawake, kila kundi na mlango wake. Mambo hayo mawili yaliishi chini ya paa moja.

Cogitosus ana habari nyingine ambayo sijawahi kuisikia ikisomwa parokiani. Sista mmoja kijana alivunja nadhiri, akapata mimba. Brigida alimbariki, mimba ikatoweka bila kuzaa na bila uchungu, naye akarudi katika afya na toba. Watu watabishana juu ya muujiza huo, na waache wabishane. Mimi natazama kwamba hakumfukuza. Mwanamume aliyempa mimba hatajwi kabisa. Ndiyo maana namshukuru mwandishi wa Maisha ya Samthann wa Clonbroney, abesi, yaani mama mkuu wa monasteri, aliyefariki 739. Mle kasisi mmoja anamtamani msichana wa monasteri, anavuka mto amfuate, na mkunga mkubwa, yule samaki kama nyoka, anamuuma na kujisokota kiunoni pake. Msichana haguswi na adhabu yoyote. Anayerudi kwa Samthann kuomba msamaha ni yule kasisi.

Wanawake watakatifu wa Ireland walioachiwa Maisha kamili ni 4 tu: Brigida, Monenna, Samthann, na Íte, mlezi wa Mtakatifu Brendan. Ila ninayempenda kuliko wote hana Maisha yake. Canair anaonekana ndani ya habari za Mtakatifu Senán, aliyekataza wanawake wasikanyage kisiwa chake cha Inis Cathaig. Canair akaja, uzee na mauti vimemkaribia, anataka kuzikwa pale. Senán akamkatalia ufukoni. Canair akamjibu: unawezaje kusema hivyo? Kristo si mbaya kuliko wewe. Alikuja kuwakomboa wanawake sawa na wanaume, akateswa kwa ajili yao sawasawa. Wanawake walimhudumia yeye na mitume wake, na mbinguni wanaingia kama wanaume wanavyoingia. Kwa nini wewe usiwapokee kisiwani?

Senán hakupata la kujibu zaidi ya kumwambia kwamba ni mbishi. Akamruhusu. Canair akapokea komunyo, akafariki, akazikwa pale pale kwenye ukingo wa maji.

Mwandishi huyu hakumtafutia udhuru wowote. Sikukuu ya Canair ni Januari 28, siku 4 kabla ya Brigida. Mwakani, kwenye jumuiya yetu ya Waswahili huku, nitaomba maneno yake kwa Senán yasomwe yote, na nimeshaanza kuyaandika vizuri.