Shingo ya mwenzio na daftari la refa

Mwanamieleka wa kampuni kubwa ya Marekani ana daktari kando ya ulingo, refa mwenye kifaa cha sikioni, na kamera zinazomwona kila upande. Akikosea, kuna mtu analipwa kumwambia. Kijana anayejifunza mieleka ya maonyesho (ile ambayo mshindi hupangwa kabla) hapa Malindi ana kipande cha ufuo, simu moja yenye kioo kilichopasuka, na refa ambaye mara nyingi ni yule aliyeteguka goti wiki jana. Hana wa kumkagua. Ndiyo maana kwa asiye na kampuni, uwajibikaji wa mdomo haufai. Uandikwe, uwekwe tarehe, na daftari lishikwe na mtu mwingine.

Ila kabla ya daftari, mchanga. "Mchanga laini, huumii" ni kauli iliyowalaza wengi. Mchanga uliotoka kufunikwa na maji umeshikana kama saruji. Ulingo wa kweli una mbao zilizolazwa juu ya vyuma, sponji ya kama inchi moja, kisha turubai. Zile mbao hubonyea na kumeza sehemu ya kishindo. Mchanga mbichi haubonyei, na kishindo chote kinarudi mgongoni. Mkavu nao una ubaya wake: unanasa kisigino, mwili unageuka, goti linabaki lilipokuwa. Wale wa Soft Ground Wrestling (yaani mieleka ya ardhi laini) kule Mukono, Uganda, wanapigana juu ya udongo, na sharti lao wameliweka kwenye jina lenyewe.

Chagua mahali juu ya mstari wa mwani, mita 4 kwa 4, ulime kwa jembe hadi futi moja, kisha uchekeche kutoa matumbawe, vigae vya chupa na vile vijiti ambavyo Mto Sabaki hutuletea wakati wa mvua. (Waulize kwanza wanaolinda kasa kama hapo hapana mayai.) Tandika magodoro mawili ya sponji na uyafunge pamoja kabla ya kufunika turubai, kwa sababu ule mwanya wa katikati ndio unaomeza kifundo cha mguu. Anayepanga zoezi atembee peku juu ya eneo lote kabla ya mwingine yeyote. Na msipange "saa kumi jioni kila siku". Saa ya maji kujaa na kupwa husogea kama dakika 50 kwa siku, kwa hiyo ratiba isiyofuata maji itawasukuma kwenye mchanga mgumu ndani ya wiki moja.

Kuanguka hufundishwa kwa ndimu. Ibane kati ya kidevu na kifua, uanguke kinyumenyume kutoka mkao wa kuchuchumaa. Ikidondoka, kichwa kimekwenda nyuma, na kwenye ulingo kisogo kingegonga. Viganja vinapiga chini kwa wakati mmoja na mgongo, mikono ikiwa imeachana na mwili kwa kama digrii 45. Ukiinyoosha sawa na mabega, bega linabeba kilichopaswa kubebwa na mgongo. Ukitanguliza kiwiko ili ujikinge, utakiona cha moto. Toa pumzi unapotua. Kinachotua ni sehemu ya juu ya mgongo, si kiuno. Anayeanza aanguke mara 10 akichuchumaa, 10 akiwa ameinama nusu, na si zaidi ya 10 akiwa wima. Ndimu ikidondoka mara mbili mfululizo, kuanguka kwa siku hiyo kumekwisha, hata kama ndiyo kwanza mmeanza. Misuli ya shingo huchoka kabla ya mwenye shingo kujua. Mwezi wa Ramadhani, kuanguka kufanywe baada ya futari na maji ya kutosha. Mchana wa saumu fanyeni hatua, mishiko na hesabu tu.

Mwenzio akishakupa mwili wake umnyanyue, wewe ndiye dhamana. Anayenyanyuliwa naye ana kazi yake: aruke, aweke mkono pajani mwa anayebeba ajitegemeze, akaze tumbo. Lakini mgongo wake usipokuwa umelala sawa hewani, ni mbebaji anayepaswa kumshikilia hadi mwisho badala ya kumwachia. Huku kwetu hitilafu nyingi hazitokani na nguvu, zinatokana na mafuta. Mtu anajipaka mafuta ya nazi misuli ing'ae kwenye picha, jasho la pwani linaongezeka juu yake, na mshiko wa paja unateleza mtu akiwa kichwa chini. Hakuna mafuta, taulo kwa kila mmoja, na kila mshiko wa kunyanyua ufanyiwe majaribio mkiwa mmeshatoka jasho, si mkiwa wakavu.

Tusijidanganye kwamba ustadi pekee unatosha. Mitsuharu Misawa alikuwa miongoni mwa mabingwa waliosifiwa zaidi Japani, na alifariki Juni 2009 baada ya kuangushwa kinyumenyume katika pambano mjini Hiroshima. Alikuwa na miaka 46, na nyuma yake miaka mingi ya kuangukia shingo.

Sasa daftari. Lile la duka, la kurasa 96, linatosha. Kila zoezi na kila onyesho lina ukurasa wake: tarehe, mahali, nani na nani, idadi ya kuanguka kwa kila mtu, mshiko gani ulienda kombo, na nani alisema anaumwa wapi. Mstari wa mwisho ndio mgumu: "Nilimuumiza au nilikaribia kumuumiza nani, na kwa nini?" Anaujaza aliyefanya kosa, siyo aliyeumia, na aliyeumia anatia saini kama amekubali maelezo. Andikeni kabla ya kuondoka ufuoni. Kesho kila mtu atakuwa na kisa chake, na katika kila kisa mwenyewe ndiye stelingi.

Maelezo ya "niliteleza" hayakubaliki. Uliteleza kwa nini? Mguu ulikuwa wapi? Ulimwona mwenzio akitikisa kichwa? Kosa lilelile likiandikwa mara tatu chini ya jina moja, ule mshiko unaondolewa kwake kwa mwezi mzima na anarudi kuufanya na mtu mwepesi kuliko yeye. Wengi hukasirika hapa. Waache wakasirike. Asiyeweza kukaa mwezi bila kumtupa mtu hewani ana shida nyingine.

Video nayo itazamwe kwa utaratibu. Mara ya kwanza bila sauti, ukiangalia miguu yako tu. Mara ya pili umtazame mwenzio: je, alikuwa tayari ulipoanza? Mara ya tatu mpe simu mtu asiye rafiki yako. Rafiki atakwambia umetisha.

Refa hasemwi vya kutosha, na makosa yake ndiyo yanayoua onyesho na wakati mwingine mtu. Watu wanadhani kazi yake ni kupiga chini mara tatu mtu anapobanwa mabega. Yeye ndiye anayepitisha maneno kati ya wapiganaji, anayejua dakika zimebaki ngapi, na pekee aliye karibu kiasi cha kuona macho ya mtu yamebadilika. Asisimame mbele ya anayenyanyua. Miguu ya anayenyanyuliwa hupita hapo. Akae ubavuni, hatua mbili, pale anapoona uso wa anayekwenda chini. Kwenye kubana mabega, ateremke upande wa kichwa, shavu karibu na turubai, aone mwanga chini ya bega kama upo.

Hesabu yake ipimwe. Simu nyingi hurekodi picha 30 kwa sekunde. Sogeza video picha moja moja, uhesabu picha kati ya pigo la kwanza na la pili, kisha la pili na la tatu. Ukipata 28 na 29, uko sawa. Ukipata 28 na 38, umemngoja mtu ainue bega, na watazamaji wamejua. Refa ahesabu mabega yaliyo chini. Mpiganaji akisahau kuinuka, ni tatu, pambano limekwisha, hata kama mpango ulikuwa mwingine. Inauma kwa dakika kumi. Refa anayechelewesha mkono kumwokoa mtu anamfundisha kusahau tena. Halafu kuna ule uwezekano kwamba hakusahau, bali amezimia.

Kwa hiyo kila baada ya pigo zito refa anashika mkono wa aliye chini na kuubana mara moja. Jibu ni kubana mara mbili. Jibu lisipokuja, aulize kwa jina la nyumbani, si la ulingoni. Bado kimya? Mikono miwili inapishanishwa juu ya kichwa kama herufi X, ishara ambayo marefa wa mieleka wanaitumia kwingi duniani kwa jeraha la kweli. Kuanzia hapo hakuna aliye juu yake, si mwandaaji, si mwenye hoteli aliyelipia, si adui aliyebakiza mbwembwe zake. Machi 2015 mjini Tijuana, Mexico, mwanamieleka Perro Aguayo Jr. alilegea kwenye kamba na pambano likaendelea kumzunguka kabla watu hawajatambua kwamba haigizi. Alifariki. Katika mchezo ambao kazi yake ni kuigiza maumivu, asiyeweka ishara ya ukweli mapema hana namna ya kuitengeneza wakati huo.

Baada ya X, kosa letu la Malindi ni tuktuk. Mtu mwenye maumivu ya shingo, ganzi mikononi au miguu isiyosikia anakunjwa kiti cha nyuma, kichwa kikining'inia kila tuta. Asisogezwe. Mmoja apige magoti nyuma yake na kushikilia kichwa kwa mikono miwili kama kilivyo, mwingine aite gari la wagonjwa. Namba iwe imeandikwa kwenye jalada la daftari. Aliyegongwa kichwa akachanganyikiwa, akaona ukungu au akauliza swali lilelile mara mbili, hapigani tena siku hiyo hata akisema yuko poa. Kutapika tena na tena, degedege, usingizi usioamshika: hospitali papo hapo. Vinginevyo ni mapumziko ya siku moja au mbili, kisha kurudi kwa hatua (kutembea, mbio nyepesi, mazoezi bila kugusana), kila hatua si chini ya saa 24, na kuanguka kunasubiri ruhusa ya daktari. Dalili zikirudi, rudi hatua moja nyuma. Refa aandike tarehe ya kila hatua. Mficha maradhi kilio humfichua, na hapa kilio kinaweza kuwa cha nyumba nzima.

Kuna uwajibikaji mwingine ambao watu wanapenda kuuruka. Juni 2020, wanamieleka wengi, hasa Uingereza na Marekani, walijitokeza kueleza jinsi makocha, waandaaji na wenzao walivyowadhulumu kimwili na kimapenzi. Mchezo huu ni wa miili kugusana, na anayefundisha anashika ufunguo wa nani atapanda ulingoni. Mtu mbaya hahitaji zaidi. Sisi tuko kwenye mji wa watalii, kwa hiyo tuwe wakali maradufu. Aliye chini ya miaka 18 hapandi kwenye onyesho la usiku la hoteli, mzazi akikubali asikubali. Kocha hafanyi zoezi la peke yake na mtoto. Kila mshiko unaogusa kifua, kiuno au paja unaelezwa kwanza na kukubaliwa, na "sitaki huo" haidaiwi sababu. Lalamiko lisipelekwe kwa mwandaaji anayegawa pesa. Chagueni mapema mtu wa nje, mama mtu mzima wa mtaani anayeheshimika kwa mfano, na jina lake likae jalada lile lile, chini ya namba ya gari la wagonjwa.

Malipo ya refa nayo yaandikwe humo kabla ya onyesho, sawa na ya wapiganaji, na yatoke hata pambano likikatizwa. Refa anayejua atakosa pesa akipishanisha mikono ataipishanisha amechelewa.